Barua kwa mwanangu anayekwenda Mushenge

Lubumbashi, Kamalondo

Mamangu,

Ninakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu utanikatiza, na neno nililo nalo nimelibana miaka mingi. Utaisoma ndani ya treni. Nafasi hutakosa: toka hapa mpaka Ilebo reli ina zaidi ya kilomita 1,500, na siku ya kufika haijui mtu. Unga, samaki wakavu na maji vimo kwenye mfuko wa buluu. Usivimalize Kamina.

Ukishaipita Kamina, Kiswahili chetu kitaanza kukonda. Kuanzia Mwene-Ditu salimia "Moyo", wataitikia, mengine utamalizia kwa Kifaransa. Kumbuka unashuka Mweka, si Ilebo. Kabla ya kupanda pikipiki ya Mushenge, mji wa mfalme wa Wakuba, peleka karatasi zako kwa wakubwa wa pale zigongwe mihuri, hata wakikukalisha kutwa nzima. Msichana peke yake, ana daftari na kamera, katika Kasai: watadhani unatafuta almasi. Waambie unatafuta nguo. Watacheka, na afadhali wacheke. Lala kwa masista, au kwa familia yenye mama na watoto. Haya ya safari yametosha, wewe si mtoto.

Mimi nguo nazijua. Katika soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, nimeuza vikwembe, yaani vitenge, miaka 30, na kwa kidole tu nakwambia hii waksi ni ya Uholanzi, hii ni ya China. Lakini bibi yako, ndoyi wako uliyepewa jina lake, alipokuja kukaa kwetu na sanduku lake la bati, akalifungua akanionyesha alichokiita nguo, mimi niliona majani. Kipande cha mraba, rangi ya mchanga na nyeusi, mistari inakatana na kujifunga kama kamba. Ukikipapasa, ni mahameli kabisa.

Jioni alikuwa ananisimulia, mimi nikichambua sombe, majani ya mihogo, sikio moja kwake, jingine kwa watoto. Wanaume ndio wanaofuma. Wanakata majani machanga ya rafia, wanayachana nyuzi, wanazitandika kwenye kitanda cha mfumi. Nyuzi zile hazisokotwi ziungane, kwa hiyo nguo haiwezi kuupita urefu wa jani. Ndiyo maana vipande ni vidogo, na sketi ndefu ya ngoma inashonwa vipande kwa vipande. Halafu wanawake wanaitwanga. Naam, kwenye kinu, kama sombe hii hii, mpaka ilainike. Nyingine zinatiwa tukula, ule unga mwekundu wa mti. Ndipo sindano inaingia: inapita chini ya uzi mmoja, inatoka, kisu kinakata pande zote mbili, zinabaki nywele fupi. Hakuna fundo. Kinachozishika ni kubana kwa mfumo wenyewe. Nilimwuliza anachorea wapi kabla ya kutarizi. Alinitazama kama nimeuliza mtu anachorea wapi kabla ya kuimba.

Kile kipande alikitarizi mwenyewe, miezi mingi, baada ya shamba. Hakukivaa hata siku moja. Alisema ni cha safari yake: huko aendako, asiyefika na nguo ya rafia, wazee wake hawatamtambua.

Mwaka 1993 unausikia kwa watu. Watu wa asili ya Kasai walifukuzwa hapa Katanga, wakarundikana kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja treni za kuwaondoa, na wengine walifia pale pale. Sisi tulibaki, lakini baba yako alipoteza kazi kwa ajili ya jina lake la Kasai, na pesa ya asubuhi jioni ilikuwa karatasi. Akapita mtu nyumba kwa nyumba, ananunua vitu vya zamani. Bibi alikuwa kanisani. Nilifungua sanduku. Yule mtu alinipa mfuko mmoja wa unga, na nilimshukuru.

Tulikula bukari ile, ugali wake, pamoja na bibi. Aliuliza mara moja tu, nikasema panya. Alinyamaza. Miaka minne baadaye tulimzika kwa kikwembe, kikwembe kizuri, cha ghali kuliko vyote nilivyokuwa navyo kibandani. Baba yako hakujua mpaka leo. Barua hii mpe akitaka.

Kwa hiyo uliponionyesha kwenye simu zile nguo za Wakuba ambazo Torday, yule mtafiti Mzungu, alizipeleka London, ukashangaa kwa nini sisemi kitu, nilikuwa natafuta kama ipo. Najua haiwezi kuwemo, yeye alipita kule mwaka 1908. Macho yalitafuta tu.

Huko watu watakuletea nguo wakijua umetoka mjini. Zile za kuuza nunua, lipa vizuri, andika jina la aliyetarizi, si jina la kijiji peke yake. Lakini ikitolewa nguo sandukuni, uliza imewekewa nani. Ikiwa ni ya msiba, irudishe hata mwenyewe akisema chukua. Mimi nilisema chukua. Na usipige picha tu. Omba sindano, ukae chini na akina mama wakukosoe.

Ndani ya bahasha utaona karatasi ya shule. Nimechora kipande cha bibi kwa penseli, kama ninavyokikumbuka. Waonyeshe wazee wa kike Mushenge, labda yupo anayejua mchoro ule ni wa ukoo gani na unaitwaje. Pembe ya chini kulia nimeiacha wazi. Pale mstari ulipita juu ya mwenzake au chini yake, nimefuta mara nyingi mpaka karatasi imetoboka.

Mama yako