Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mwaka Tulioutumia Kuisoma India

Ndugu wanachama,

Mkutano uliopita uliiagiza kamati ichague jambo moja la kusomwa mwaka mzima, badala ya kurukia mada mpya kila kikao. Kamati ilichagua India: namna wenzetu wanavyotumia mifumo ya taarifa za kijiografia, hii GIS ya kuchora na kuchambua ramani kwa kompyuta tunayoshinda nayo mezani, kushughulikia kero za utawala na za jamii. Wapo waliouliza kwa nini tuende mbali hivyo. Wengi wetu humu tumepita Dehradun au Hyderabad kwa ufadhili wa ITEC, mpango wa kufundisha wataalamu wa nchi nyingine ambao serikali ya India iliuanzisha mwaka 1964. Kozi zile zilitufundisha kusoma picha za satelaiti. Hazikuwa na nafasi ya kuuliza picha hizo zinamsaidia nini mwanakijiji wa huko huko India. Mwaka huu tumeuliza.

Kabla ya hapo, mambo ya nyumbani. Hesabu zitasomwa na mweka hazina, nami sitamwingilia. Wanaodaiwa ada wanajijua, na yeye anawajua zaidi. Vikao vya mwezi vilifanyika kama ilivyopangwa, na vijana wamejitokeza kuliko wazee, jambo linalonifurahisha na kunitia aibu kidogo kwa niaba ya rika langu.

Sasa India. Kilichotupa mjadala mrefu kuliko vyote ni SVAMITVA, mpango wa kupima makazi ya vijijini kwa droni uliozinduliwa tarehe 24 Aprili 2020. Ili kuuelewa lazima mjue pengo linalozibwa. Chini ya utawala wa Waingereza upimaji wa vijijini ulifuata kodi. Shamba lilipimwa kwa sababu shamba lililipa. Eneo la nyumba, wanaloliita abadi, katika majimbo mengi liliachwa likiwa doa moja kwenye ramani ya kijiji, bila kuonyesha nyumba ya nani inaishia wapi. Familia zikakaa vizazi na vizazi juu ya ardhi ambayo kila jirani anajua ni yao, lakini hakuna karatasi inayosema hivyo. Inashangaza ukikumbuka kwamba Survey of India, idara ya serikali ya upimaji, ipo tangu mwaka 1767.

Idara hiyo hiyo ndiyo iliyopewa kazi ya kurusha droni. Ila kilichotuvutia zaidi ni kazi inayofanyika kabla droni haijaruka. Maofisa na wanakijiji huzunguka pamoja, na kila mwenye nyumba humwaga chokaa juu ya mpaka wake ili mstari uonekane kutoka angani. Ugomvi wa mipaka unaibuka hapo, mbele ya majirani, chokaa ikiwa bado mkononi. Ramani ikishachorwa hurudishwa kijijini, watu huiangalia na kuweka pingamizi, ndipo kadi ya umiliki inatolewa.

Naomba mzingatie takwimu za serikali ya India zilizotangazwa Januari 2025, wakati kadi zaidi ya milioni 6.5 zilipogawiwa kwa siku moja. Droni zilikuwa zimeshapita juu ya vijiji zaidi ya 317,000. Vijiji vilivyokuwa na kadi tayari vilikuwa kama 153,000, yaani chini ya nusu. Baadhi yenu mlisema huo ni uzembe wa ofisi. Mimi nasema hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Kurusha droni ni suala la siku moja hali ya hewa ikiwa nzuri. Kuhakiki majina, kusikiliza ndugu wanaogombea ua wa marehemu baba yao, kuamua kama jina la mke liandikwe, hayo hayana injini. Yeyote aliyewahi kukaa na kamati ya kijiji akiandaa hati za kimila za kumiliki ardhi chini ya Sheria yetu ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania, Namba 5 ya mwaka 1999, anajua ninachosema.

Serikali ya India inasema kadi hizo zitawafungulia watu mikopo ya benki. Sisi tuna uzoefu wetu na benki na hati za kimila, kwa hiyo tulilisoma dai hilo kwa upole na kusonga mbele.

Kikao kingine kililinganisha majimbo mawili ya kusini. Karnataka mwanzoni mwa miaka ya 2000 iliingiza kwenye kompyuta kumbukumbu za ardhi zipatazo milioni 20, za wakulima kama milioni 6.7, kwa mradi ulioitwa Bhoomi. Kabla yake kumbukumbu zilishikwa na makarani wa vijiji wapatao 9,000. Mkulima aliyetaka nakala alimtafuta karani, na karani alijua thamani ya kutoonekana. Bhoomi ilimpa mkulima nakala dirishani kwa rupia 15, na maombi ya kubadilisha umiliki yakashughulikiwa kwa kufuata foleni. Hongo ndogondogo ilipata pigo la kweli. Lakini Bhoomi ilianza na maandishi, si ramani, na kosa lililokuwa kwenye daftari la zamani liliingia kwenye kompyuta likiwa safi, limechapwa vizuri.

Telangana ilikwenda mbali zaidi. Oktoba 2020 ilifungua Dharani, mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za ardhi, ikaondoa maofisa mapato wa vijiji, waliotunza kumbukumbu hizo, na mahakama za mapato zilizokuwa zikisikiliza migogoro. Nia ilikuwa kuwakata mikono wala rushwa. Matokeo yake, mkulima aliyekuta shamba lake limeingizwa kimakosa kwenye orodha ya ardhi iliyozuiwa kuuzwa hakuwa na mlango wa karibu wa kubisha. Mwaka 2025 Dharani iliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na Bhu Bharati, ambayo imerudisha ngazi za rufaa. Katibu wetu, ambaye hapendi maneno mengi, aliandika kwenye muhtasari: "Mfumo bila rufaa ni amri." Nimeuacha ulivyo.

Msitu ulitupa somo gumu zaidi. Sheria ya Haki za Misitu ya India ya mwaka 2006 inamruhusu mwenyeji wa msituni kudai ardhi aliyokuwa akiikalia na kuilima kabla ya tarehe 13 Desemba 2005. Unathibitishaje kwamba ulikuwa unalima kijishamba mlimani mwaka ule? Huko Gujarat shirika la ARCH liliwafundisha wanakijiji kuzunguka mashamba yao na GPS, kisha kuweka mipaka hiyo juu ya picha za satelaiti za wakati huo. Watu ambao hawakuwahi kuwa na risiti wakapata ushahidi. Lakini picha hizo hizo zilitumiwa na maofisa kukataa madai: hatuoni shamba hapa, tunaona miti. Jamani, sisi tunaotafsiri picha tunajua jinsi shamba dogo chini ya miembe au mihua linavyoonekana ukilitazama kutoka juu! Kanuni zilizorekebishwa mwaka 2012 zinasema wazi kwamba picha za satelaiti ni za kuongezea ushahidi mwingine, si za kuuchukulia nafasi. Mahakama Kuu ya Gujarat ikashikilia msimamo huo mwaka 2013. Februari 2019 Mahakama ya Juu ya India iliamuru waliokataliwa waondolewe, kisha ndani ya mwezi huo huo ikasimamisha amri yake, ili majimbo yaeleze kwanza kama madai yalikataliwa kwa kufuata utaratibu. Nyuma ya kila dai lililokataliwa kwa picha kuna mtaalamu kama sisi aliyekaa mbele ya skrini akaamua rangi ile ya kijani ni nini.

Nitaje kwa ufupi mpango wa ajira vijijini uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2005, ulioihakikishia kila kaya siku 100 za kazi kwa mwaka. Malambo, barabara na mitaro iliyojengwa ilipigwa picha zenye majira ya nukta, yaani namba zinazoonyesha mahali hasa, na kuwekwa kwenye Bhuvan, tovuti ya ramani ya shirika la anga la India, ili mtu yeyote aone kama lambo lililolipiwa lipo. Hilo tulilipenda. Kisha ikaja programu ya simu ya kuchukua mahudhurio, picha mbili kwa siku, ikawa lazima kuanzia Januari 2023. Mtandao ukikatika, kibarua aliyechimba tangu alfajiri alihesabiwa hakufika. Na Julai 2025 wizara iliyosimamia mpango huo yenyewe iliandika kwamba kuna watu wanapakia picha zisizohusika, hata picha iliyopigwa kutoka kwenye picha nyingine. Wakaagiza picha zikaguliwe tena na binadamu. Mwizi alijifunza programu haraka kuliko kibarua.

Mijini mambo yalikuwa na matumaini zaidi, labda kwa sababu ramani zilianzia kwa wakazi. Huko Pune, shirika la Shelter Associates lilipita nyumba kwa nyumba katika mitaa ya mabanda, likaonyesha kwenye ramani nani hana choo na bomba la maji taka linapita wapi, kisha likatoa vifaa na familia zikagharamia ujenzi. Delhi, programu ya Safetipin ya mwaka 2013 ilipima mitaa kwa macho ya mwanamke anayetembea usiku: taa, njia, watu waliopo. Idara za jiji zikapata orodha ya sehemu zenye giza na kuanza kufunga taa. Mumbai, wakazi wa kando ya barabara walihesabiwa kwa msaada wa shirika la SPARC tangu mwaka 1985, na mbinu hiyo ya watu kujihesabu wenyewe ilivuka bahari. Wenzetu wa Muungano wa Wanavijiji wa Kenya, umoja wa wakazi wa mitaa ya mabanda, waliipokea, na uhamishaji wa waliojenga kando ya reli Kibera na Mukuru, Nairobi, ulipangwa baada ya Wakenya kwenda kuona jinsi Mumbai ilivyohamisha watu wake wa reli.

Kuhusu sera nitasema moja tu. Mwaka 2016 India ilikuwa na rasimu ya sheria iliyotaka kila mwenye takwimu za ramani aombe leseni, na faini ya hadi rupia bilioni moja. Haikupita. Februari 2021 wakageuka kabisa, wakaondoa vibali vingi kwa makampuni ya ndani. Wanaotaka kuishawishi wizara yetu wana hoja hapo, na kamati itawasaidia kuiandika.

Kutokana na haya, kamati inaleta maazimio mawili. La kwanza, mwanachama yeyote atakayechora mipaka ya watu kwa jina la chama aibandike ramani mahali pa wazi na kupokea pingamizi kabla ya kuikabidhi kwa aliyemlipa. Najua wanaofanya kazi za zabuni watasema muda hautoshi. Waseme hapa mkutanoni, tusikie. La pili, picha ya satelaiti isiandikwe kwenye ripoti yetu yoyote kuwa ushahidi pekee wa nani analima au anakaa wapi.

Mada ya mwaka ujao mtaichagua ninyi. Fomu za kugombea nafasi za kamati zipo kwa katibu, nami sigombei tena kwa kuwa katiba yetu hairuhusu vipindi vitatu. Maazimio yatapigiwa kura baada ya chakula cha mchana.