Protini ya maziwa: mtuambie imepimwaje

Mhariri,

Kila ubishi wa maziwa unapozuka, magazeti huandika kwamba maabara imekuta protini asilimia 3.2, basi. Tunaomba kando ya asilimia hiyo liandikwe jina la njia iliyotumika, maana linaweza kugeuza habari nzima.

Njia ya Kjeldahl, inayotumika tangu 1883, haipimi protini hata kidogo. Inapima naitrojeni. Sampuli huchemshwa ndani ya asidi kali ya salfuriki, ikishapoa hutiwa kostiki soda, amonia inayotoka hunaswa na kupimwa, kisha naitrojeni huzidishwa kwa 6.38. Sasa tazama ujanja unapopitia. Lita moja ya maziwa yenye gramu 32 za protini ikiongezwa mililita 150 za maji, protini inashuka hadi gramu 27.8 kwa lita. Theluthi mbili ya uzito wa melamini, kemikali ya viwandani ya kutengenezea plastiki, ni naitrojeni, hivyo gramu moja tu kwa lita inasomeka kama protini gramu 4.25. Jumla inarudi 32 na cheti kinatoka safi. Melamini hiyo ndiyo iliyotiwa kwenye maziwa ya watoto huko China: mwaka 2008 watoto wapatao 300,000 waliugua, sita wakafa.

Kuikamata si lazima mashine ya bei mbaya. Chukua mililita 10 za maziwa, tia mililita 40 za asidi ya trikloroasetiki ya asilimia 15, uchuje. Protini inaganda na kubaki kwenye karatasi. Urea na melamini, ambazo si protini ila zina naitrojeni, zinapita. Pima naitrojeni ya yale maji yaliyochujika. Kwa maziwa halisi huwa kama asilimia 5 au 6 ya naitrojeni yote. Ikipanda mno, kuna mkono wa mtu.

Njia ya Bradford, ya mwaka 1976, haihadaiwi na melamini, kwa kuwa rangi ya Coomassie hushika protini yenyewe, ikatoka hudhurungi ikawa bluu, na bluu hiyo husomwa kwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 595. Lakini nayo ina mitego. Maziwa yasipozimuliwa kama mara 50, usomaji unatoka nje ya mstari wa kulinganishia, na hauaminiki. Mafuta yanatia ukungu, hivyo malai yaondolewe kwanza. Sabuni kidogo iliyobaki kwenye chupa inatosha kuleta bluu ya uongo. Na anayelinganisha na albumini ya damu ya ng'ombe badala ya kaseini, protini kuu ya maziwa, ataambulia protini pungufu, maana albumini hiyo hunywa rangi kuliko wenzake.

Anayeshuku kuwa maziwa yametiwa protini ya soya apitishe sampuli kwa umeme kwenye jeli yenye SDS (sabuni inayokunjua protini ili zitengane kwa ukubwa, ndogo zikishuka chini zaidi), baada ya kuichemsha dakika 5 kwa nyuzi 95. Protini nyingi za maziwa hujipanga chini, kati ya kilodaltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 14 na 35. Soya huchora mistari mizito juu, kati ya 50 na 75. Ila jeli si mizani: kaseini ya kilodaltoni 24 hukaa karibu na alama ya 30, na hilo si kosa la fundi.

Wasomaji wa maabara ya chakula,
Morogoro