Kabla hujamtumia pesa

Mombasa

Kwa sahibu yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Ama baada ya salamu, habari uliyonipa ya yule kijana aliyekujia dukani Mtaa wa Biashara, akakuahidi kwamba tovuti yako ya leso itakuwa ya kwanza Google kwa muda wa wiki mbili, imeninyima usingizi, nami nimeona bora nikuandikie kwa kirefu kabla hujamtumia pesa.

Nakuomba usimtumie, kwa sababu anachokuuzia si mali yake. Google yenyewe imewaandikia wenye tovuti kwamba hakuna awezaye kumdhaminia mtu nafasi ya kwanza, na haipokei malipo ili kumpandisha yeyote katika matokeo ya kawaida; kinacholipiwa ni matangazo, nayo huwekewa alama. Imeeleza pia kwamba kazi ya haki kwa kawaida huchukua miezi minne hadi mwaka mmoja ndipo matunda yake yaonekane. Hizo wiki mbili yeye kazitoa wapi?

Unajua kwamba nyumba yangu ya wageni ya Mji wa Kale iliwahi kukosa wageni, lakini sikukueleza sababu. Wakala niliyempa kazi ya kuipandisha tovuti yetu Google alijaza maneno ya kutafuta vyumba vya bei nafuu chini ya kila ukurasa, kwa herufi nyeupe juu ya weupe, ili mgeni asiyaone bali mashine ya Google iyasome. Kisha akanunua viungo, yaani maandishi ya kubofya yanayompeleka msomaji kwenye tovuti yetu, kutoka tovuti za kamari zisizohusiana nasi hata kidogo. Tulipanda kweli kwa muda mfupi, nami nikamsifu, halafu tukatoweka. Nilipofungua Search Console, chombo cha bure ambamo Google humweleza mwenye tovuti hali yake, nilikuta taarifa ya adhabu, na jina lililoadhibiwa lilikuwa langu, si la wakala.

Ubaya wa viungo hivyo utauelewa ukijua asili yake. Larry Page na Sergey Brin, walioanzisha Google mwaka 1998, walikichukulia kiungo kuwa ushahidi: tovuti moja ikielekeza watu kwa nyingine, imeishuhudia. Anayenunua viungo basi ananunua mashahidi wa uongo, na tangu Aprili 2012, Google ilipotoa mabadiliko yaliyoitwa Penguin, mashahidi wa namna hiyo wamekuwa wakitafutwa kwa bidii. Hata ukubwa haumkingi mtu, kwani mwaka 2006 tovuti ya BMW ya Ujerumani iliondolewa katika matokeo ya Google kwa sababu ya kurasa zilizotengenezwa kuihadaa mashine. Wao walirudishwa baada ya siku chache. Mimi nilihangaika miezi kadhaa nikifuta maneno yale yaliyofichwa, nikiwaandikia wenye tovuti waondoe viungo, na nikiiomba Google initazame upya.

Lililoniuma zaidi ni kwamba anwani ya tovuti yangu yule wakala alikuwa ameisajili kwa jina lake, hivyo nilipotaka kuachana naye nililazimika kumbembeleza anirudishie kilicho changu. Angalia leo hii anwani yako imesajiliwa kwa jina la nani. Asikudanganye mtu kwamba hawezi kufanya kazi bila neno lako la siri, maana Search Console inakuruhusu kumpa mtu nafasi yenye mipaka na kumwondoa siku upendayo.

Mwulize yule kijana akuandikie viungo vitatoka tovuti zipi, na atabadilisha nini katika kurasa zako. Akijibu kwamba hiyo ni siri ya kazi, muage kwa wema. Na akikutajia kununua maoni ya wateja, usimsikilize hata kidogo, kwa kuwa wateja wako wa kweli wapo na ukiwaomba wataandika.

Wewe una utajiri ambao wengi hawana: kila leso ina jina lake, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake. Mtu aliyeona leso harusini huyaandika maneno yale yale akiitafuta, kwa hivyo piga picha ya kila moja, uyaandike maneno yake kamili, rangi zake na bei. Duka nalo liweke kwenye ramani ya Google, ambako usajili ni bure.

Nitakuja Alhamisi baada ya alasiri, tuketi dukani tuifungue Search Console pamoja. Tafadhali usimpe neno la siri hata moja kabla sijafika.

Wasalaam,
Sahibu yako