Michoro yangu ya afya inatazamwa, mbona hainunuliwi?

Ndugu Mshauri,

Natumai hujambo na kazi inaendelea vizuri. Mimi ni mchoraji wa vekta, yaani michoro ya kompyuta inayoweza kukuzwa bila kupoteza ubora, na kazi zangu naziuza kwenye masoko ya picha mtandaoni. Nachora zaidi mambo ya afya: mama anavyompakata mtoto akimnyonyesha, namna ya kusafisha kidonda, mgonjwa wa kisukari akijidunga insulini. Faili zangu hupita ukaguzi bila matatizo. Watu wanazifungua, naliona hilo kwenye takwimu za akaunti yangu, kisha wanaondoka mikono mitupu. Wachache wanaopakua huchukua zile aikoni za simu, bahasha na vikapu nilizochora zamani nilipokuwa najifunza.

Nikupe mfano mmoja ili unielewe. Nina mchoro wa mtoto mwenye pumu anayetumia inhela, kifaa cha kuvutia dawa kwa pumzi, yenye kile kichupa cha plastiki cha kupitishia dawa. Nimeuchora hatua kwa hatua: kutikisa inhela, kuichomeka kwenye kichupa, kutoa pumzi, kubana midomo vizuri, kubonyeza mara moja, kuvuta pumzi polepole na kuizuia kama sekunde 10. Kila hatua ina tabaka lake, kwa hiyo mnunuzi anaweza kutumia moja tu na kuziacha nyingine. Rangi zimeunganishwa: ukibadilisha bluu ya shati, inabadilika kwenye hatua zote kwa mkupuo. Pembeni nimeacha nafasi ya maandishi, kwa sababu najua mchoro huo utakwenda kwenye kipeperushi au bango na mtu atataka kuandika kwa lugha yake. Ukiniuliza, hiyo ndiyo kazi yangu bora. Lakini aikoni ya bahasha inaishinda kwa mbali.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Huku mtandaoni sioni kama chema kinajiuza, maana mnunuzi hakioni mpaka kwanza akitafute kwa neno sahihi. Soko la picha la Shutterstock linaruhusu maneno 50 ya utafutaji kwa kila picha, la Adobe Stock 49, na kwa Adobe mpangilio una uzito: yale 10 ya mwanzo ndiyo yenye nguvu zaidi. Je, hizo nafasi za mbele nimpe nani? Muuguzi anayeandaa somo atatafuta kifaa kwa jina lake. Msanifu wa jarida huenda hakijui kabisa, ataandika tu pumu, mtoto, kukohoa, kupumua. Nimeyaweka yote, ila sijui ni yupi kati ya hawa wawili mwenye pesa mkononi.

Jambo jingine ni kalenda. Siku ya Kisukari Duniani ni tarehe 14 Novemba, ya kunawa mikono ni 15 Oktoba, wiki ya unyonyeshaji ni 1 hadi 7 Agosti, na siku ya pumu huwa Jumanne ya kwanza ya Mei. Nadhani taasisi hutengeneza mabango yao mapema, kwa hiyo napakia kama miezi mitatu kabla. Je, inatosha, au kufikia wakati huo wanunuzi wameshachagua?

Kuhusu malipo sina malalamiko makubwa, nataka tu kupiga hesabu vizuri. Adobe Stock hutoa mrabaha wa asilimia 33 kwa vekta. Shutterstock hupanga madaraja kuanzia asilimia 15 hadi 40 kulingana na idadi ya leseni (ruhusa za kutumia picha) zilizouzwa, na hesabu huanza upya kila tarehe 1 Januari. Soko la iStock humlipa zaidi mchoraji aliyekubali kuuzia kwao peke yao. Kwa mtu mwenye mada moja kama mimi, kujifunga sehemu moja kuna faida, au ni kujinyima wateja?

Wenzangu wananishauri niachane na afya, nichore mandhari na mapambo kwa wingi, kwa kuwa masoko haya ni ya wingi. Nawaelewa. Ila huko kwenye mapambo ndiko picha za akili mnemba zimefurika, na sioni nitakavyoshindana nazo kwa kasi. Kwenye afya naona bado nina nafasi. Nimekutana na picha za aina hiyo ambazo inhela imeshikwa kichwa chini au sindano ina ncha mbili, na mtu anayewafundisha wagonjwa hawezi kutumia kitu kama hicho. Usahihi naujali sana. Mzazi akifuata mchoro wenye makosa, dawa haifiki kwenye mapafu ya mwanawe.

Sina mpango wa kuacha kuchora afya, hilo nimeshaamua. Ninachoomba ni unisaidie nipajue pa kuanzia: nibadilishe maneno ya utafutaji kwenye michoro niliyonayo, niivunje ile ya hatua nyingi niuze kila hatua peke yake, au nichore aikoni za afya zilizo rahisi kama bahasha ile, ili ziwavute watu kwenye kazi kubwa? Na kama kuna msomaji anayenunua michoro kwa ajili ya vipeperushi vya afya, namwomba aniambie jambo moja: ukifungua mchoro ukaufunga bila kununua, huwa umekosa nini?

Wako,
Mchoraji wa vekta