Chupa ya nano ipimwe Uyole kwanza: barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania

Ndugu Mkurugenzi,

Nakuandikia kutoka Isyonje, mkoani Mbeya, kwa wakulima wa viazi na mahindi. Huku ukifika wakati wa kukuzia, gumzo ni bei ya urea tu. Mkulima akisikia kuna chupa ya nusu lita inayofanya kazi ya mfuko mzima, atainunua hata kwa kukopa. Ndiyo maana naandika sasa, kabla chupa hizo hazijajaa kwenye maduka ya pembejeo.

India ilianza kuuza urea ya nano, yaani mbolea ya maji yenye chembe ndogo mno inayopulizwa kwenye majani, mwaka 2021 kwa ahadi hiyohiyo. Tupige hesabu. Mfuko wetu wa kilo 50 una naitrojeni, kirutubisho kinachokuza mmea, asilimia 46, yaani kilo 23. Chupa ile ya kwanza ilikuwa na asilimia 4, yaani kama gramu 20. Wauzaji wanasema chembe zake, zisizofika nanomita 100 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), hupenya moja kwa moja kwenye jani, ilhali urea ya ardhini hupotea hewani na kwa mvua. Kupotea inapotea, tena sana kwa mvua za huku. Lakini hata ikipotea nusu, mahindi yamebakiwa na zaidi ya kilo 11. Gramu 20 zitazibaje pengo hilo? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Punjab walipunguza urea, wakapuliza nano mahali pake, na mavuno ya mpunga na ngano yakashuka.

Siipingi nano yenyewe. Dkt. Askwar Hilonga wa Arusha alishinda tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015 kwa chujio la maji linalotumia teknolojia hiyohiyo. Na kwa zinki, ambayo mmea huihitaji kidogo sana, busta (mbolea ya kupuliza majanini) ya nano inaweza kuwa na maana.

Kuna na afya zetu. Chembe ndogo kiasi hicho zikivutwa zinaweza kufika ndani kabisa ya mapafu, nasi tunabeba bomba mgongoni tukiwa tumejifunga kitambaa puani. Chembe za nano za madini ya fedha na za oksidi ya zinki huua bakteria. Je, bakteria wale wanaoilisha mizizi ya maharage naitrojeni ya hewani watapona? Mabomba tunaoshea mitoni, na baadhi ya mito ya nyanda hizi hushuka bonde la Usangu, kwenye mpunga wa Mbarali, hadi mto Ruaha Mkuu.

Ombi langu: mbolea yoyote ya nano isisajiliwe kabla TARI Uyole, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania kilichoko Mbeya, haijaijaribu misimu miwili, kwenye udongo wetu wenye tindikali, bega kwa bega na urea ya kawaida. Lebo iandike kwa Kiswahili gramu za naitrojeni zilizomo na kinga anayotakiwa kuvaa mpulizaji. Matokeo yabandikwe kwenye ofisi za kata, hata yakiwa mabaya kwa muuzaji. Mvua zetu huanza Novemba. Majaribio ya kwanza yanaweza kupandwa msimu huu.

Wako,
Mkulima wa viazi na mahindi, Isyonje