Waulizwe wapunga upepo kabla ya ramani kuchorwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako nichangie mjadala wa matumizi ya mwambao wa ziwa hapa Mwanza, mjadala ambao kila unapozuka huishia kwenye hesabu za viingilio na idadi ya wageni.

Watafiti wa mapumziko ya nje wana kipimo kingine. Mwaka 1989, Daniel Williams na Joseph Roggenbuck wa Marekani walipendekeza hojaji ya kupima mafungamano ya mtu na mahali, wakitenganisha mambo mawili: mtu kupategemea mahali kwa kuwa panamfaa kwa shughuli yake kuliko kwingine, na mtu kupahesabu mahali hapo kuwa sehemu ya nafsi yake, kiasi kwamba hata akipewa pazuri zaidi ataona amenyang'anywa. Hasara ya kwanza hufidika kwa kutengeneza ufukwe mwingine. Ya pili haifidiki kirahisi.

Jumapili jioni, kwenye mawe yaliyo jirani na Jiwe la Bismarck, vijana hupigana picha, watoto hujirusha majini, na muuza karanga huwaita wateja wake kwa majina. Mahali pengine mwambaoni, njia ya kushukia ziwani imekatwa na ukuta wenye geti la kulipia. Aliyekuwa akifuata upepo tu amehamia kwingine, lakini mzee aliyefundishwa kuogelea pale na baba yake hakuhama, ameacha tu kuja. Daftari la getini halimwonyeshi, kwa hiyo hakuna anayejua kwamba ameondoka.

Sisemi hojaji hiyo ichukuliwe ilivyo. Tafiti nyingi za aina hii zimewahoji wageni wa misitu na hifadhi, watu wanaokwenda kustarehe kisha wakarudi kwao, ilhali huku kwetu anayeanika dagaa asubuhi aweza kuwa ndiye anayepunga upepo palepale jioni, na kumuuliza habari za starehe peke yake ni kumsikiliza nusu. Hata Kisiwa cha Saanane, ambacho ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2013, kimechukua jina la Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi ya ufukwe, ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ukanda huo ukisimamiwa ipasavyo, unatosha kuwa uwanja wa watu wote. Nashauri, basi, kabla ya ramani yoyote kuchorwa, halmashauri zetu zishirikiane na wanafunzi wa vyuo vilivyopo hapa, wakae kwenye mawe alfajiri na jioni, si getini, wawahoji watu kwa Kiswahili na Kisukuma. Swali la kwanza liwe jepesi: ukikosa hapa, utakwenda wapi? Na anayejibu kwamba hana pa kwenda aandikwe pamoja na sababu yake.

Mkazi wa Mabatini,
Mwanza