Uwanja mmoja, kazi nyingi

Mhariri, naomba kanafasi kadogo tu. Wikendi nilikuwa nacheki mechi ya Spurs (Tottenham ya Uingereza), jamaa niliyekaa naye akaniambia ule uwanja wao wa London ulofunguliwa 2019 nyasi zake zinatembea, nikajua ananipiga kamba, kumbe kweli bana! Uwanja umekatwa vipande vitatu, vinasukumwa vinaingia chini ya jukwaa la kusini, chini kuna nyasi bandia za kuchezea futiboli ya Wamarekani. Ndo maana mabondia Joshua na Usyk walizichapa pale 2021 na Beyoncé kapiga shoo 2023. Yaani pesa inaingia hata ligi ikisimama.

Sisemi na sisi tujenge wa kutembea, hela hiyo hatuna. Ila jukwaa lao la nyuma ya goli ni moja tu zima, watu 17,500, na wapo karibu na mchezaji mpaka anasikia matusi. Pale kwa Mkapa, uwanja wetu wa Dar, ile njia ya riadha inatuweka mbali, ukikaa nyuma ya goli unakisia tu nani kafunga. AFCON 2027, kombe la mataifa ya Afrika, inakuja kwetu, wachoraji wetu wa ramani za viwanja wameliona hili?

Shabiki wa mzunguko, Temeke